Roba ya Kulipia

Siku niliyopigwa roba Buguruni sikuumia sana. Kilichoniuma ni swali la mke wangu.

Nilikuwa natoka Kariakoo, ninakouza vipuri vya cherehani. Foleni ilikuwa imegoma kabisa, nikashuka Buguruni Sheli nikasema nikate kwa miguu, nifuate reli, nitokee mbele nidandie gari la Tabata. Saa mbili usiku hiyo. Mtu mwenye akili timamu hafuati reli ya Buguruni saa mbili usiku, ila mimi nilikuwa na njaa, na akili ilishatangulia nyumbani kukaa mezani. Mkono ukaja kwa nyuma. Roba yenyewe ile, kiwiko chini ya kidevu, mgongo wako kifuani kwake, visigino vinatafuta ardhi havioni. Wenzake wawili wakaninyanyua miguu kama wanasaidia kuhamisha godoro. Mmoja akachomoa raba ya kulia, mwenzake ya kushoto. Simu, pochi, raba. Kisha wakanilaza chini taratibu, kwa adabu kabisa, wakaondoka wakitembea.

Nikafika nyumbani na soksi. Mama Nasra akanisikiliza mpaka mwisho, akaniletea maji, akaninyamazia kidogo. Halafu akauliza:

"Sasa Baba Nasra, hata kuita mwizi ulishindwa?"

"Koo lilikuwa limebanwa, mama."

"Na walipokuachia?"

Nikanywa maji. Ukweli ni kwamba walipoanza kuondoka, mdomo wangu ulitoa neno moja tu, nalo lilikuwa "asanteni". Hilo sikumwambia, na hapa ndipo ninapolisema kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata nikaingia kwenye masomo. Usiku nakaa na simu mpya ya mkopo natazama MMA, ule urojo wa mapigano: ngumi humo, mateke humo, mieleka humo, kukabana humo. Nikamkuta Royce Gracie, Mbrazili mwembamba kama mimi, kwenye UFC, mashindano makubwa ya MMA, ile ya kwanza kabisa, Denver, Marekani, Novemba 1993. Kavaa gwanda jeupe, usiku mmoja akawamaliza watu watatu bila kumvunja mtu pua. Mmoja wao alikuwa bondia anaitwa Art Jimmerson, aliyepanda ulingoni na glovu moja. Moja! Mkono mwingine mtupu. Nilicheka mpaka Mama Nasra akageukia ukutani. Nikajiuliza mtu mzima anaendaje vitani na mkono mmoja. (Kaeni na huyo Jimmerson, tutamhitaji mbele.)

Halafu nikafika kwa Waafrika. Mwaka 2021 mikanda mitatu ya ubingwa wa UFC ilikuwa mikononi mwao kwa wakati mmoja: Usman, Adesanya na Ngannou. Huyo Ngannou utotoni alikuwa anachimba mchanga Kamerun. Nikajitazama. Miaka kumi na miwili nabeba maboksi ya vipuri vya chuma ghorofa ya tatu bila lifti. Mchanga na chuma, kipi kizito? Nikapitiwa na usingizi nikiwa bingwa.

Kuchagua jimu Dar si kama kuchagua kinyozi. Mimi nilijiwekea swali moja tu la kumuuliza kila mwalimu: mtu akinikaba kwa nyuma, nafanyaje?

Nilianzia Masaki, kwa sababu ya ujinga wa kudhani kizuri kinaanzia huko. Kiyoyozi, taulo, maji yenye limau. Somo la mapigano ni muziki mkubwa na dada mmoja mchangamfu anayehesabu kwa Kiingereza. Nikapiga hewa ngumi kama mia tatu, na kwa haki ya Mungu hewa haikunirudishia hata moja. Nikamuuliza swali langu. Akashangaa kweli kweli. "Kaka, kwani huku kuna watu wanakabwa?" Nikauliza bei ya mwezi. Nikaona kumbe wanakaba, tena mezani na risiti unapewa.

Karate ilikuwa kwenye bwalo la shule ya msingi, jioni, na niseme ukweli, pale kulikuwa na nidhamu. Unaingia unainama, unatoka unainama, ukimkanyaga mwenzako unainama. Tatizo ni kwamba wanaoanza wote walikuwa na miaka nane. Nikapangwa mstari wa nyuma, kati ya mtoto aliyeng'oka meno ya mbele na mwingine mwenye mkanda wa chungwa aliyepewa kazi ya kunisimamia. "Baba, goti," ananiambia. Nakunja goti. "Baba, lile jingine." Tulikuwa tunapiga hatua tatu mbele tunageuka, hatua tatu tunageuka, saa nzima. Mwisho nikamfuata mwalimu na swali langu. Akasema mambo ya kukabwa tutayafikia huko mbele, kwenye mikanda ya juu.

"Kama lini, mwalimu?"

"Ukiwa na bidii, miaka mitatu. Minne."

Nikapiga hesabu ni mara ngapi nitakuwa nimepita Buguruni. Nikainama, nikatoka. Yule mtoto akaniita, "Baba, hujainama vizuri."

Manzese kwenye ngumi sikukaa. Kocha alikuwa mtu wa maana, ukutani kabandika picha ya bondia wetu Hassan Mwakinyo, na kila anayeingia anasimuliwa upya Birmingham, Septemba 2018, Mwingereza Sam Eggington alivyosimamishwa raundi ya pili mbele ya watu wake. Raha tupu kusikiliza. Nikamuuliza: kocha, mtu akinikaba?

"Refa atawatenganisha."

Buguruni hakukuwa na refa.

Basi nikaelekezwa Keko. Wanaoijua Keko wanajua, huko ni samani: vitanda, makabati, makochi yasiyo na kitambaa yamepangwa kando ya barabara kama mbuzi waliochunwa. Katikati ya kelele za randa na misumeno kulikuwa na banda la bati lenye dirisha kubwa la nondo, na ndani chini wamepanga vile vipande vya mpira vinavyoshikana meno kwa meno. Hakuna kioo, hakuna muziki. Mlangoni mama lishe kaweka chai na maandazi. Nikapenda kitu kimoja: kabla hujakanyaga mpira, mwalimu anakagua kucha zako za mikono na miguu kama mwalimu wa zamu, na ngozi pia, asije mtu na choa akawagawia wenzake. Jimu ambayo hawakukagui kucha usijiunge, hilo nawaambia bure.

Nikamuuliza swali langu. Hakunijibu. Akasema, "Vua hiyo suruali."

Nilikuwa nimevaa trakisuti yenye zipu na mifuko. Kumbe haifai, zipu inachana watu na kidole kikinasa mfukoni kinavunjika. Nyuma ya mlango palikuwa na bukta imetundikwa kwenye msumari, ya mwanafunzi mmoja aliyehamia Mwanza. Nikaambiwa nivae hiyo. Yule ndugu, popote alipo Mwanza, ni mtu mwenye afya. Mpira wa kiunoni ulishakata tamaa zamani, kamba hakuna. Nikaikunja mara mbili, nikaomba Mungu.

Mwalimu akatukusanya. Akaeleza kwamba roba ya mtaani inabana koo, ndiyo maana unakohoa siku tatu. Hii ya kwao haina shida na koo, inabana mishipa ya damu pande mbili za shingo. Damu haipandi kichwani, unalala ndani ya sekunde chache, hata nafasi ya kukohoa hupati. "Kwa hiyo ukiona imeingia, gonga. Mgonge mwenzako au gonga chini. Kwa mkono. Usisubiri."

Kwa mkono, alisema. Likumbukeni hilo.

Nikapangiwa mwenzangu, kijana mwenye miwani anayefanya kazi benki, dirishani. Miwani akaivua akaiweka vizuri ndani ya kiatu. Sijawahi kukabwa kistaarabu vile. "Samahani kaka, nakaa nyuma yako. Samahani, naweka mguu hapa. Niwie radhi, nyanyua kidevu kidogo." Kama vile ananisaidia kujaza fomu.

Huo mguu alioomba samahani akaupitisha juu ya mkono wangu wa kulia, mkono ukafungwa kwenye ubavu kama mwiko kwenye sufuria ya ugali uliopoa. Sawa, ninao wa kushoto. Ila katika kupinduka pinduka, bukta ya Mwanza ikaanza safari. Niliisikia ikipita nyonga ya kwanza. Na pale dirishani, kwenye nondo, mama lishe alikuwa amesimama na birika, pamoja na wateja wake wawili na mtoto mmoja wa shule, wanatazama. Mkono wa kushoto haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe ukashika bukta.

Mkono wake ukaingia shingoni.

Hapo ndipo nilipomwelewa Jimmerson. Ndugu zangu, nimwombe radhi hadharani. Mtu anaweza kabisa kwenda vitani na mkono mmoja, na si kwa kupenda kwake. Kulia nimefungwa. Kushoto nikiachia, mama lishe atashindwa kuniuzia andazi milele. Nikaamua kugonga kwa mdomo. Nikasema "nimegonga", ikatoka "nnng". Kijana akasema, "Samahani kaka, sijasikia."

Nikaota niko nyumbani. Mezani kuna wali wa nazi, samaki wa kukaanga na ndimu imekatwa. Mama Nasra ananipakulia huku anatabasamu, na hilo pekee lingenishtua.

Nilipofumbua macho, juu niliona giza la bati. Baadaye nilielezwa kwamba mtu akilala namna ile anawekwa chali, anainuliwa miguu damu irudi kichwani, na ndani ya muda mfupi anaamka mwenyewe. Baadaye. Kwa wakati ule mimi nilichokuwa nacho ni hesabu tu: nyuma yangu mtu mmoja, kashika kichwa. Miguuni watu wawili, kila mmoja na mguu wake. Raba hakuna.

Na swali la mke wangu lilikuwa limekaa kifuani wiki sita.

"MWIZIIIII!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Randa zilinyamaza. Misumeno ikanyamaza. Keko nzima ikanyamaza kama sekunde moja, halafu mlango ukajaa. Mafundi saba au wanane, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, kila mmoja na kipande cha mninga ambacho kilipaswa kuwa mguu wa kitanda cha mtu. Roba ya mbao nilikuwa naijua kwa jina tu. Siku ile mbao zenyewe zilikuja.

"Yuko wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa mkono uleule wa kushoto, uliokuwa umekataa kugonga, nikamwonyesha karani wa benki. Bukta ikamalizia safari yake.

Nicheke sasa, lakini wakati ule damu ilinirudi kichwani kwa kasi kuliko miguu kuinuliwa. Neno lile hapa mjini si la kuchezea. Watu wamekufa kwalo, na wengine hawakuiba hata kijiti. Nikaruka nikasimama mbele ya yule kijana, bukta nimeivuta mpaka kwapani.

"Siyo mwizi! Huyu ndugu yangu!"

"Si umesema mwenyewe mwizi?" Fundi mkubwa, mzee wa ndevu nyeupe, mninga begani.

"Nilikuwa nimelala, mzee."

"Umelala vipi saa kumi na moja jioni?"

"Alinikaba."

Mbao zikapanda juu tena. Kijana wa benki akajikunja nyuma yangu, nikamsikia anasema taratibu, "Samahani kaka, eleza vizuri."

"Alinikaba, ila tulikubaliana!" nikapiga kelele.

Mzee akashusha ubao kidogo. "Mmekubaliana akukabe?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Anakulipa shilingi ngapi?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayelipa. Leo ni majaribio, bure. Ila kwa mwezi ni elfu sitini."

Mzee akawageukia wenzake. Akanitazama miguu, akaipanda ile bukta mpaka kwapani ilipoishia, akafika shingoni palipokuwa pekundu. Akaweka ubao chini kabisa, kama mtu aliyefika kwenye matanga.

"Mwanangu," akasema, "mbona Buguruni wanakaba bure?"

Kwa ile dakika waliyocheka hakuna kitanda kilichotengenezwa Keko. Mama lishe alibwaga birika. Mwalimu alilala chini kwenye mpira akishika mbavu, na ndiyo mara pekee nimemwona amelala chini bila kukabwa. Wakatoka, wakirudia mmoja mmoja, "elfu sitini!", na mzee akarudi kuniambia kwamba nikimaliza kulipia kukabwa, anacho kitanda cha futi tano kwa sita, ningoje tu rangi ikauke.

Nimejiunga. Nina bukta ya kamba, nimeinunua mtumba Karume, na nimejua kwamba hata mguu unaweza kugonga. Ila niwarudishe kwanza jioni ile. Nikafika nyumbani, safari hii na viatu, nikamkuta Mama Nasra anachambua mchele. Nikakaa karibu naye.

"Leo nimeita," nikamwambia.

"Umeita nini?"

"Mwizi. Kwa sauti. Wamekuja watu wanane na mbao."

Akaacha mchele. Akanitazama kwa macho ambayo sikuyaona tangu mwaka wa harusi.

"Kweli, Baba Nasra?"

"Kweli kabisa."

Akapangusa mikono kwenye kanga, akanyoosha kiganja.

"Haya, lete simu."