Lisbon: anzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Orodha nyingi za vivutio vya Lisbon humpeleka mgeni moja kwa moja Belém, mtaa wa kando ya mto wenye mnara na monasteri maarufu. Kwa Mswahili, naona huko ni kuanzia katikati ya hadithi. Anzia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes.

Tafuta monstransi ya Belém, chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia, yaani mkate uliobarikiwa, ili iabudiwe. Kimo chake ni kama sentimita 73 tu, na mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 na mizinga yake, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi. Mithkali 1,500 (kipimo cha zamani cha uzito) za dhahabu zikaingia Lisbon mwaka 1503, na mfalme Manuel I akaagiza zifuliwe chombo hiki, kilichokamilika 1506. Kilwa haikuwa na machimbo. Dhahabu ilitoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Usiridhike na kutazama juu. Inama usome maandishi ya kwenye kitako: Kilwa imetajwa, ila wameiandika kwa Q, kwa hiyo jicho huipita kirahisi.

Jumatatu usiende, pamefungwa, na monasteri ya Jerónimos vilevile. Basi namba 714 hupita mtaa huohuo na kuendelea hadi Belém. Tramu ya 15E inapita chini, upande wa mto, kwa hiyo ukiitumia utapanda ngazi. Tena hujaa, na wezi wa mifukoni huipenda. Simu isikae mfuko wa nyuma.

Mnara wa Belém utazame kwa nje. Ngazi ya ndani ni moja, nyembamba, ya kuzunguka, wapandao na washukao hupeana zamu, ndiyo maana foleni haisogei. Na vyumba vyenyewe ni vitupu.

Muda wako upe kanisa la Jerónimos. Ukiingia tu, kaburi la Vasco liko kushoto, la mshairi Camões kulia. Manuel aliiusia monasteri hii monstransi ile, lakini nyumba za watawa zilifutwa mwaka 1834 na serikali ikaichukua. Mifupa ya Vasco ililetwa hapa 1880, dhahabu ikiwa imeshaondoka.