Kapasita za kompyuta kuukuu: tubadilishe mapema au tusubiri?

Wanaotunza kompyuta za zamani wana ubishi usiokwisha. Mashine ina miaka zaidi ya thelathini na bado inawaka: je, uzing'oe kapasita zake zote (vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda) uweke mpya, au uiache hivyo hivyo mpaka iharibike?

Wanaosema zing'olewe wana ushahidi mzito. Fungua Macintosh SE/30 ya mwaka 1989. Juu ya uso wa bodi, ile sahani inayobeba saketi, zimelehemiwa kapasita ndogo za alumini za mikrofaradi 47, na elektroliti (majimaji yanayopitisha umeme) iliyomo ndani yake huvuja kidogo kidogo hata mashine ikikaa kabatini bila umeme. Kwanza sauti inafifia, baadaye kioo kinajaa mistari badala ya picha. Ukigusa mguu wa kapasita iliyovuja kwa pasi ya kulehemu, harufu kali ya samaki inapanda, na hapo huhitaji kipimo tena. Majimaji hayo yanatafuna njia za shaba nyembamba mno, na njia ikishakatika unabaki kuunga kwa waya, moja baada ya nyingine. Kwa mashine kama hii, kusubiri ni kuipoteza.

Kwa betri sioni hata pa kubishania. Amiga 500 Plus ya 1991 ilitoka kiwandani na betri ya nikeli-kadimiamu iliyolehemiwa bodini. Ikivuja, inaacha ukungu wa kijani unaotambaa hadi kwenye soketi za chipu. Itolewe leo, bodi ipanguswe kwa siki kuua alkali, kisha isafishwe na kukaushwa vizuri.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na mimi nilichelewa kuusikiliza. Kila unapochoma bodi kuukuu unaidhuru. Gundi inayoshika shaba imechoka. Ukizidisha joto kidogo tu, kipande cha shaba kinanyanyuka na kutoka pamoja na kapasita. Nimewahi kung'oa namna hiyo sehemu mbili kwenye bodi iliyokuwa nzima kabisa, na kapasita nilizozitoa, nilipozipima, zilikuwa salama. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina kapasita kubwa za miguu inayopita tundu, na nyingi kati ya hizo hazivuji. Kwenye Commodore 64, kinachotisha zaidi ni kile kisanduku chake cha umeme: kikizeeka, volti 5 zinapanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Mtu anabadilisha kapasita zote za bodi, kisha anachomeka kisanduku kile kile!

Halafu kuna kisa cha Macintosh LC III ya 1993. Alama ya chanya na hasi ya kapasita C22 ilichapwa kinyume kwenye bodi, na kiwanda kikaifunga kinyume vilevile. Kapasita ya asili ilivumilia kwa sababu ni ya volti 16, nayo inapata 5 tu. Fundi makini anayeitoa na kuweka ya tantali (aina nyingine ya metali), akifuata alama ile kwa uaminifu, anaweza kuishuhudia ikilipuka, kwa kuwa tantali haivumilii umeme uliogeuzwa.

Kwa hiyo sikubaliani na anayebadilisha kila kitu kwa mazoea. Kapasita za alumini zilizolehemiwa juu ya uso wa bodi, za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, nazitoa bila kusubiri. Kwenye visanduku vya umeme kama cha kompyuta ya BBC Micro, zile kapasita za karatasi zenye ganda la manjano lililopasuka nazitoa pia, maana hupenyezwa na unyevu na siku moja zitafoka moshi. Zilizobaki nazipima kwanza.

Kwa mashine iliyobaki moja tu duniani ningekuwa mgumu zaidi. Kompyuta ya Harwell Dekatron, iliyoanza kazi Uingereza mwaka 1951, iliwashwa tena mwaka 2012 kwenye jumba la makumbusho la kompyuta pale Bletchley Park, na thamani yake kubwa ni kwamba vipuri vyake vingi ni vile vile vya mwanzo. SE/30 yangu haimo kwenye daraja hilo. Hata hivyo kapasita nilizozitoa sizitupi: naziweka kwenye mfuko, naandika tarehe na namba ya kila moja bodini, na mfuko unabaki ndani ya kasha la mashine.