Mkuu wa idara alisema "nimekosea"

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha idara, mwanafunzi wa uzamivu wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono akamwambia mkuu wetu wa idara kwamba jedwali alilotuonyesha lina kasoro: safu mbili zimebadilishana nafasi, kwa hiyo hitimisho lote limegeuka. Mkuu akalitazama jedwali, akanyamaza kidogo, akasema, "Kweli, nimekosea. Asante." Akapitisha slaidi, tukaendelea. Hakuna aliyekohoa wala aliyeinamia simu yake. Mle ndani moyo uliokuwa ukienda mbio ni wangu peke yangu, nikimwonea huruma yule kijana kana kwamba nimeshauona mwisho wa masomo yake.

Huu ni mwaka wangu wa tisa ughaibuni. Kazi yangu ni kufundisha na kutafiti malezi ya viongozi, hasa lile eneo tunaloliita akili hisia: namna mtu anavyozitambua hisia zake na za wenzake, na anavyozitumia bila kumuumiza mtu. Nimeandika makala juu yake, nimesimamia tasnifu juu yake. Na bado kila nikimsikia mkubwa akitamka "nimekosea" mbele ya wadogo, mwili unashtuka kabla akili haijafika.

Ninyi mliopita vyuo vya nyumbani sina haja ya kuwaeleza. Mnajua sura ya tasnifu inavyoweza kulala kwenye meza ya mtu. Mnajua kukaa koridoni na bahasha mapajani, kusikia viatu vinakuja, kusimama, na viatu kupita.

Msimamizi wangu wa kwanza, huko nyumbani, alikuwa mtu wa somo hili hili. Sura yangu ya pili ilikaa kwake miezi minane. Nilipokwenda kuulizia, kwa sauti ya chini kuliko zote nilizonazo, aliniambia sina nidhamu. Wiki hiyo hiyo alitoa mhadhara kuhusu kiongozi anayesikiliza, saa mbili nzima, na hakuruhusu swali hata moja. Sisimulii haya ili nimchafue. Alikuwa msomaji hodari, na nusu ya maandiko yaliyonijenga niliyafahamu kwa sababu yeye aliyataja. Hapo ndipo panaponiuma: alijua.

Tulichokipokea nyumbani katika somo hili, kwa maoni yangu, ni nusu yake tu. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer walipochapisha makala yao mwaka 1990, walizungumzia uwezo, kama mtu anavyozungumzia uwezo wa hesabu au wa lugha. Mwaka 1997 wakaugawa mara nne: kuzitambua hisia, kuzitumia kuisaidia fikra, kuzielewa, na kuzisimamia. Katikati hapo, mwaka 1995, kitabu cha Daniel Goleman kikaifikisha dhana hiyo kwa kila msomaji, na makala yake ya mwaka 1998 katika jarida la Harvard Business Review ikaiingiza kwenye ofisi za mameneja. Sisi tuliipokea kutoka kwa mameneja. Kwetu ikawa sifa ya mtu aliyekwisha kuwa mkubwa, jambo la kuongeza kwenye wasifu baada ya warsha ya siku mbili. Kutambua, ambako ndiko mwanzo wa yote, tukaachia wadogo. Mdogo ndiye anayesoma uso wa profesa asubuhi kabla hajathubutu kubisha hodi. Mwaka 1983 Arlie Hochschild aliandika kuhusu wahudumu wa ndege wanaolipwa ili watabasamu, akaiita kazi ya hisia. Kila nikimfundisha huyo huwaza wanafunzi wa uzamivu wa nyumbani, ambao kazi hiyo wanaifanya mchana kutwa na hawalipwi.

Na utafiti ninaoupenda kuliko wote katika fani hii unatuhusu sisi hasa. Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali akitarajia kwamba timu zenye uhusiano mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamgeukia: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye daftari. Alipochimba zaidi akaona kinachowezekana zaidi ni kwamba hazikosei kuliko nyingine, ila watu wake wanaweza kusema. Hayo aliyachapisha mwaka 1996. Mwaka 1999, baada ya kuchunguza timu 51 za kampuni moja ya utengenezaji, akaeleza kwa kina dhana ya usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya wanatimu kwamba mtu akiuliza, akikiri kosa au akipinga jambo, hatafedheheshwa. Basi fikirini idara zetu. Daftari letu la makosa ni safi kabisa.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa. "Kaishi huko miaka michache, sasa sisi ni washamba." "Heshima kwa wakubwa ndiyo iliyotulea, wewe unataka watoto wawasute walimu wao." Sikilizeni, ndugu zangu. Heshima ninaijua na ninaipenda, na siku nitakayoacha kusimama mzee anapoingia nitakuwa nimepoteza kitu kikubwa. Lakini yule mwanafunzi hakumsuta mtu. Alisema safu mbili zimebadilishana, na zilikuwa zimebadilishana. Tangu lini kumwacha mkubwa wako asimame mbele ya watu na jedwali bovu, huku nyote mnaliona, ikaitwa kumheshimu?

Wengine mtasema watu wetu hawana haja ya kuanika yaliyo moyoni, kwamba kujizuia ni hekima. Kuna ukweli hapo, na sitaupita kimya. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake waliwaketisha wanawake wasiofahamiana wawili wawili wazungumzie filamu ya kuhuzunisha, na katika baadhi ya jozi mmoja akaagizwa kwa siri afiche hisia zake. Shinikizo la damu lilimpanda hata yule mwenziwe, ambaye hakujua lolote. Nikiwasimulia hilo wanafunzi wa huku huitikia kwa vichwa kama waliosikia sheria ya maumbile. Ndipo huwaambia habari ya pili: mwaka 2007 Butler na wenzake wengine walionyesha kwamba madhara ya kuficha hisia hupungua kwa watu wenye maadili ya Kiasia, wanaotoka kwenye jamii ambako kujizuia ni kawaida ya kila siku. Kwa hiyo msije mkadhani ninabeba kila kilichoandikwa huku nikakitua vichwani mwenu. Ninachosema ni kwamba miezi minane ya sura yangu haikuwa utamaduni wa mtu yeyote.

Na huku nako kuna mambo yanayonichosha, tena sana. Mkuu huyu huyu wa idara, mwaka juzi, alinipa masomo manne katika muhula uliopaswa kuwa na mawili. Aliniomba radhi mara tatu. Radhi zote tatu zilikuwa za kweli, niliona machoni mwake, na masomo yakabaki manne. Wenzetu wa mikataba ya mwaka mmoja huombwa radhi kwa maneno mazuri kabisa siku mikataba inapoisha. Nimejifunza kwamba "nimekosea" inaweza kusemwa kwa wepesi mahali ambapo haimgharimu msemaji chochote. Nyumbani neno hilo ni zito kiasi kwamba mtu akilitamka, amelipa.

Kisha kuna suala la vipimo. Kipo kipimo cha akili hisia kinachojulikana kwa herufi zake, MSCEIT, kilichotoka mwaka 2002. Unaonyeshwa nyuso na picha, unaulizwa kuna hisia gani na kwa kiasi gani. Jibu sahihi hupatikana kwa njia mbili: lile lililochaguliwa na wengi katika sampuli kubwa, au lile lililochaguliwa na jopo la wataalamu 21. Nilikifanya kama sehemu ya mafunzo, na kwenye nyuso alama zangu zilikuwa za chini. Nikauliza mbele ya wote: hao wengi ni akina nani, walilelewa wapi, nyuso hizi ni za akina nani? Mwezeshaji akasema ni swali zuri, akaliandika, tukaenda mapumziko. Nilikaa na hasira siku mbili. Mimi nimelelewa na watu wanaojua kwamba umeumia kwa jinsi ulivyoweka kalamu mezani, halafu niambiwe sioni?

Katika idara yangu ya zamani, nyumbani, kulikuwa na katibu muhtasi ambaye hakuwahi kuhudhuria warsha yoyote kati ya hizi ninazoziendesha. Kila matokeo yalipokaribia kubandikwa, alikuwa anajua ni mwanafunzi gani atavunjika. Sijui alijuaje, ila hakukosea katika miaka yote niliyomwona. Alimwita huyo mwanafunzi mapema, akamwambia, "Mwanangu, njoo unisaidie kupanga mafaili haya," akamweka pale kwenye kiti pembeni mpaka saa mbaya ipite. Hakumuuliza kitu. Siku sura yangu ilipotimiza miezi minane niliyapanga mafaili yale mimi. Huku ningetumiwa namba ya huduma ya ushauri nasaha, na ingekuwa huduma nzuri, na ningekuwa peke yangu. Fani yetu ingekuwa na akili, mama yule angekuwa anafundisha, na msimamizi wangu angekuwa amekaa mstari wa mbele na daftari.

"Basi rudi uje urekebishe," ndivyo mnavyomalizia. Sawa. Mwaka jana nilikuja, wiki mbili, kuendesha warsha ya wahadhiri vijana. Siku ya pili, nikiwa katikati ya maelezo kuhusu zile sehemu nne, binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza: kama akili hisia ni uwezo, mbona madodoso tuliyopewa asubuhi yanamtaka mtu ajitathmini mwenyewe? Mtu wa hesabu humpimi kwa kumuuliza kama anajua hesabu. Lilikuwa swali la maana kuliko yote ya wiki ile. Ni mgogoro halisi katika fani, kati ya wanaopima uwezo kwa majaribio na wanaopima tabia kwa dodoso, na madodoso yale niliyachagua mimi kwa sababu yalikuwa mepesi kusahihisha. Nikatazama saa. Nikamwambia, "Hilo tutalizungumza baadaye," kwa ile sauti mnayoijua. Akaketi. Hakuuliza tena mpaka mwisho, na mimi sikulirudia.

Kwenye ndege ya kurudi huku nilikuwa nasoma makala ya mwaka 2014 ya Oliver Sheldon, David Dunning na Daniel Ames. Walioonekana kuwa na akili hisia ndogo kabisa ndio waliojipa alama kubwa kupita kiasi, na walipoonyeshwa matokeo yao wakadai kipimo si sahihi au hakiwahusu. Nilikifunga kile kijarida. Kuhusu nyuso bado nasimama pale pale: swali langu lilikuwa halali. Lakini la binti yule nalo lilikuwa halali, na mimi sikumpa hata lile "swali zuri" nililopewa.

Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wanaowatazama kutoka juu. Ile sauti ya msimamizi wangu ninayo, nimevuka nayo mpaka, ikakaa kimya miaka yote hiyo kwa sababu huku hakuna anayeiogopa. Nilipotua tu mbele ya vijana walionyoosha migongo nilipoingia, ikatoka yenyewe.

Baada ya kikao cha wiki iliyopita nilikwenda ofisini, nikafunga mlango, nikatafuta orodha ya washiriki wa ile warsha. Nilimwandikia binti yule mistari minne. Nilimwambia nimekosea, kwamba swali lake lilikuwa sahihi na nililikwepa, na kwamba madodoso niliyachagua kwa urahisi wangu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, kwa karibu saa nzima.

Alijibu kesho yake alfajiri. Alinishukuru kwa sentensi moja. Kisha kukawa na kurasa tatu: maswali kuhusu vipimo, pendekezo la utafiti anaotaka kuufanya na wahadhiri wenzake, na mwishoni kabisa, "samahani Prof.", slaidi yangu ya kumi na mbili ilikuwa na mwaka usio sahihi. Nikaifungua. Ulikuwa si sahihi.