Ndoo Nzima Imemwagwa Jukwaani

Shemeji asinitumie tena ujumbe wa "onyesho la dansi ya kisasa, kiingilio bure". Bure gani? Foleni ya Mwenge umeihesabu? Nimepanda bodaboda na suti ya harusi kwa sababu eti saa mbili kamili mlango unafungwa. Saa mbili kamili, Dar hii hii! Tumekaa hadi saa tatu kasoro, taa zikazima. Nikajua LUKU ya ukumbi imeisha, nikawasha tochi ya simu kuwasaidia. Nikazomewa.

Akaingia kijana, akalala chali. Basi. Akalala. Mimi niliyekulia kwenye muziki wa bendi za Msondo na Sikinde, niliyeona sindimba ikichezwa na watu wenye kiuno, nasubiri aamke.

Jirani yangu wa kiti, kijana wa rasta mwenye adabu zake, akaninong'oneza, "Mzee, utulivu nao ni dansi." Akanisimulia habari za Mmarekani Paul Taylor: mwaka 1957, New York, alitoa kipande ambacho yeye na mwenzake hawakutikisika mwanzo hadi mwisho, na mhakiki Louis Horst akachapisha uhakiki wa nafasi tupu. Huyo Horst ningemnunulia soda.

Mara akaingia binti na ndoo kichwani, ile ya lita ishirini. Roho ikatulia, mwendo ule naujua. Akaitua taratibu. Akaiinua tena. Akammwagia yule aliyelala, yote, mpaka tone la mwisho.

Nilikuwa nimekaa kwa heshima, mguu juu ya mguu. Sijui nilisimama saa ngapi. "We binti! Maji hayo!"

Ukumbi mzima ukageuka. Wageni wa safu ya mbele wakanipigia makofi, wakidhani nimo kwenye onyesho. Na binti, badala ya kuona haya, akaleta ndoo ya pili! Jamani, kwetu bomba linatoa hewa tangu wiki iliyopita, dumu tunalinunua kwa kubembelezana na mwenye mkokoteni, na ukichelewa kuamka anakwambia yameisha huku unayaona. Nikamuuliza rasta, haya ni ya bomba au ya kisima?

"Mzee, maji yanawakilisha kumbukumbu."

Sikumjibu. Yakiwa kumbukumbu kwake, kwetu je?

Mwisho mtunzi akauliza tumehisi nini. Mama mmoja alihisi uhuru. Mimi nikaomba maiki nikauliza, wakishapiga deki, yale maji wanayakamulia wapi? Maiki ikachukuliwa. Sambusa zilikuwa ndogo.

Na bili bado inakuja, hewa hiyo hiyo tunalipia, mwenye nyumba anaigawa sawa kwa vyumba vyote. Sawa vipi wakati dada wa chumba cha mbele anaosha nywele za mtaa mzima? Ukimwambia anasema yeye ndiye anayelipa hela ya taka. Taka zenyewe ni za nani kama si nywele?