Albamu ya Zamani, Masta Mpya: Biti 24 Zina Thamani Gani?

Ukitafuta albamu ya zamani iliyofanyiwa masta upya, yaani fundi ameiandaa tena nakala ya mwisho ya sauti (masta) kutoka rekodi ya awali, mara nyingi utakuta inauzwa kwa bei tatu: MP3 ya kbps 320, FLAC ya biti 16 na kHz 44.1, yaani ubora wa CD, na FLAC ya biti 24 na kHz 96 (24/96), ambayo ndiyo ghali zaidi. Biti huonyesha undani wa kila kipimo cha sauti, kHz ni maelfu ya vipimo kwa sekunde, na kbps ni maelfu ya biti kwa sekunde. Mnunuzi huvutwa na namba kubwa. Lakini namba hizo ni kipimo cha debe tu. Hazisemi nafaka iliyomo imetoka shamba gani.

FLAC hubana faili bila kutupa kitu, na ikifunguliwa kila biti hurudi mahali pake. Albamu ya dakika 40 katika ubora wa CD ina takriban MB 423 kabla ya kubanwa. Kwa 24/96 ni karibu GB 1.4. FLAC huzipunguza hadi kama nusu au zaidi kidogo. MP3 ya kbps 320 ni MB 96, ila hapo kuna sauti iliyotupwa, na haitarudi hata ukiigeuza faili hiyo kuwa FLAC.

Je, sikio linaitambua 24/96? Mwaka 2007, Meyer na Moran wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu na zilezile zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016, Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 na kupata asilimia 52.3, na waliopewa mafunzo kabla ya jaribio walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo wanaosema tofauti ipo wana hoja, ila ni tofauti nyembamba mno.

Waliopinga jaribio la 2007 walilalamika kwamba baadhi ya diski zilizotumika zilitokana na rekodi ambazo zenyewe hazikuzidi ubora wa CD. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini linathibitisha jambo lingine: debe kubwa liliuzwa likiwa nusu tupu.

Kwa rekodi za utepe wa sumaku hali ni wazi zaidi. Biti 16 hubeba tofauti ya desibeli (dB, kipimo cha nguvu ya sauti) 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Utepe wa miaka ya 1960, usio na mfumo wa kupunguza kelele, hauzidi dB 70 hivi. Chini ya hapo ni mvumo wa utepe tu. Biti 24 zinamfaa fundi mitambo studioni, kwa sababu kila anaporekebisha sauti kuna makosa madogo ya hesabu yanayojilimbikiza. Akimaliza kazi, msikilizaji hazihitaji.

Hata hivyo, wapo wanaoapa kwamba faili ya 24/96 ya albamu fulani inasikika vizuri kuliko CD yake, na mara nyingine wanasema kweli. Sababu huwa ni masta, si biti. Toleo la CD huenda lilikandamizwa ili lipige kwa kishindo, hadi mapigo ya ngoma na minong'ono ya mwimbaji vikalingana, na toleo la ghali likaachwa lipumue. Hili linapimika: chukua faili ya 24/96, ishushe hadi 16/44.1 kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, sawazisha kiwango cha sauti na CD, kisha sikiliza zote mbili. Usisahau kusawazisha, maana hata dB 1 ya ziada hulidanganya sikio. Ikiwa iliyoshushwa bado ni nzuri kuliko CD, ulichokipenda ni kazi ya fundi.

Kazi hiyo ndiyo inayostahili pesa. Kwenye "Kind of Blue" ya Miles Davis, iliyotoka mwaka 1959, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika kwa kasi zaidi kidogo kuliko zilivyopigwa studioni, kwa kuwa mashine ya utepe ilikuwa ikienda polepole siku ya kurekodi. Kosa lilikuja kurekebishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Hakuna kHz 192 ambayo ingerekebisha hilo. Vivyo hivyo kwa dansi na taarab zetu zilizobaki kwenye santuri tu: tundu la katikati likikaa kando, sauti huyumba, na fundi akisafisha mikwaruzo kupita kiasi, matoazi hufifia yakawa kama yanapigwa chini ya maji.

Kabla ya kulipia, soma maelezo ya toleo: chanzo ni utepe mama, nakala yake, au santuri? Ukishapakua, ifungue kwa Spek, programu inayochora picha ya sauti kuanzia nzito hadi nyembamba; hapa kHz ni wembamba wa sauti, na faili hubeba hadi nusu ya kHz zake, yaani CD huishia kHz 22 hivi. Sauti iliyokatika kama kwa kisu kwenye kHz 16 au 20 huashiria MP3 iliyovishwa vazi la FLAC. Faili ya kHz 96 iliyokatika kwenye kHz 22 imenyooshwa tu kutoka CD. Rekodi halisi ya zamani hufifia taratibu, na huo si ulaghai. Pia usishtuke FLAC ya mono (rekodi ambayo spika zote mbili hutoa sauti ileile) ikionyesha kbps 400 tu: chaneli mbili zinazofanana hubanwa sana, na hakuna kilichopotea.

Kama unasikiliza kwa Bluetooth ya kawaida, kumbuka nayo hubana sauti upya kwa kutupa. Nunua FLAC ya 16/44.1, ihifadhi, kisha tengeneza mwenyewe MP3 za simu. Ongeza pesa kwa 24/96 pale tu masta hiyo haipatikani kwa umbo jingine.