Hewa ya Ofisini Ipimwe Siku ya Kawaida, Pale Watu Wanapokaa

Miaka michache iliyopita, katika ofisi ya ghorofa ya tatu jijini Kampala nilikokuwa nimeajiriwa, tuliarifiwa kwa barua kwamba mkaguzi angekuja siku ya Alhamisi kupima hewa. Asubuhi hiyo madirisha yote ya upande wa barabara yalifunguliwa kwa amri, sakafu ikapigwa deki mara mbili, na mgeni alipofika saa nne alikaribishwa mapokezi, akaweka kifaa chake mezani kwa muda wa nusu saa hivi, akaandika, akaondoka. Ripoti yake ilisema hewa inaridhisha. Chumba cha nyuma, walimokaa wahasibu kumi na mmoja, na ambacho dirisha lake lilikuwa limepigwa misumari tangu kiyoyozi kilipofungwa, hakukiingia kabisa. Mama mmoja wa chumba hicho, aliyekuwa akimaliza kila siku kwa kuumwa kichwa, aliniambia, "Mwanangu, wamepima hewa ya wageni. Yetu imebaki humu humu."

Maneno yake ndiyo msingi wa maoni yangu. Upimaji wa hewa mahali pa kazi hauna maana usipofanyika pale pua za wafanyakazi zilipo, katika saa wanazofanya kazi, siku ambayo hakuna aliyeandaliwa. Kifaa kizuri kikiwekwa mahali pasipofaa kwa nusu saa kitatoa namba sahihi ya jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tuanze na kipimo kilicho rahisi kuliko vyote, yaani hewa ukaa (kaboni dioksaidi) tunayoitoa tunapopumua. Nje, kiwango chake siku hizi ni sehemu 420 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 1858 mwanasayansi Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza kwamba chumba cha watu kisizidi sehemu 1,000, na namba hiyo ingali inatumika kama alama ya kuzindukia. Alichokilenga hakikuwa sumu ya hewa ukaa yenyewe, kwa maana katika viwango hivyo haiui mtu. Alilenga ushahidi inaoutoa kwamba pumzi za watu zimebaki ndani na hewa safi haiingii vya kutosha. Hesabu ya alama hiyo inaeleweka kwa urahisi: mtu mzima aliyeketi hutoa takriban lita 18 za hewa ukaa kwa saa, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021, wakati wa janga la korona, kwamba kila mtu apate angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde katika majengo yasiyo ya makazi. Chumba kikitimiza hilo, kiwango cha ndani kitasimama sehemu 500 hivi juu ya kile cha nje, yaani karibu na 900. Kikipanda hadi 2,000, hewa safi inayomfikia kila mtu imeshuka chini ya theluthi moja ya ile iliyoshauriwa, na aliye na kifua kikuu au mafua anawagawia wenzake pumzi yake mchana kutwa.

Baada ya ripoti ile niliazima kifaa na kukiacha juu ya kabati la majalada katika chumba cha wahasibu, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyeketi, mbali na mlango na mbali na mdomo wa yeyote, kwa wiki nzima ya kazi. Saa mbili asubuhi kilionyesha karibu na kiwango cha nje. Kabla ya saa tano kilikuwa kimepita 1,500, na saa kumi alasiri, siku ya Jumatano ambayo sitaisahau kwa joto lake, kilipita 2,000. Kilichonifunza zaidi, hata hivyo, ni saa ya chakula. Watu walipotoka namba ilianza kushuka, na kasi ya kushuka huko ndiyo inayosema jinsi chumba kinavyopumua: ziada iliyo juu ya kiwango cha nje ikichukua dakika 40 hivi kupungua kwa nusu katika chumba kisicho na mtu, hewa inayoingia kwa saa inatosha kujaza chumba mara moja tu. Katika chumba chetu, saa nzima ya mapumziko haikutosha kuondoa hata nusu ya ziada hiyo.

Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi muda wote huo, na hapa pana kosa ambalo ningependa kila meneja alielewe. Viyoyozi vya ukutani tunavyovifunga katika ofisi zetu nyingi havileti hewa kutoka nje; vinaichukua hewa iliyomo, vinaipoza, vinairudisha. Ubaridi huo unawadanganya watu kwamba hewa ni safi, kisha dirisha linafungwa ili umeme usipotee, na chumba kinageuka chupa iliyozibwa.

Mtu atasema basi tufungue madirisha, yaishe. Kwa Kampala jambo si jepesi hivyo, kwa sababu nje kuna moshi wa magari na bodaboda, vumbi la barabara za murram, takataka zinazochomwa na majiko ya mkaa. Mtandao wa vipimo vya AirQo, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, umetuonyesha kwamba chembe laini za uchafu hupanda asubuhi na usiku, na kwamba miezi ya kiangazi ni mibaya kuliko ya mvua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chembe hizo zisizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo kwa wastani wa siku, na hewa ya mji wetu huvuka mpaka huo mara nyingi. Kwa hiyo anayepima hewa ukaa peke yake anaweza kuwashauri watu wafungue dirisha saa moja asubuhi na kuwaingizia moshi mapafuni, ilhali anayepima chembe peke yake atawafungia ndani na pumzi zao. Vipimo hivi viwili visomwe pamoja, saa kwa saa, ndani na nje ya dirisha lile lile.

Tena si kila kazi inafanyika ofisini. Katika karakana za kupiga chapa za Nasser Road, kijana huloweka kitambaa kwenye mafuta ya kusafishia, akafuta rola kwa mikono mitupu, na harufu inamsubiri mtu tangu kwenye ngazi. Huko kipimo cha hewa ukaa kinaweza kusoma vizuri kabisa huku mvuke wa kemikali ukiwadhuru watu. Ndeeba, mtaa wa maseremala hapa Kampala, kuna vumbi la mbao, ambalo limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kwenye korido, na kaboni monoksaidi, gesi ya moshi wake isiyo na harufu wala rangi, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kwa hiyo anayepima azunguke kwanza kwa macho na pua, ajue kinachochomwa, kinachomwagwa na kinachosagwa, ndipo achague kifaa.

Vifaa vya bei nafuu vinasaidia, lakini tahadhari inahitajika. Vingine vinavyodai kupima hewa ukaa huikisia tu kutokana na mivuke mingine: sogeza kiganja chenye dawa ya kutakasa mikono, na namba ikiruka ghafla, usikitegemee. Vile vya chembe, vinavyotumia mwanga, huzidisha hesabu asubuhi zenye ukungu.

Na wafanyakazi waulizwe. Nani anaumwa kichwa, saa ngapi, na je, maumivu yanapungua mwishoni mwa wiki anapokuwa nyumbani? Maumivu yanayoondoka Jumamosi na kurudi Jumatatu ni kipimo ambacho hakuna duka linalokiuza.

Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe mazingira ya kazi hayana hatari itokanayo na uchafuzi. Ninachokiomba kwa wakaguzi ni kwamba waje bila kupiga simu, waache kifaa kwa siku tano za kazi katika chumba chenye watu wengi na hewa kidogo kuliko vyote, na kwamba matokeo yabandikwe ukutani katika chumba hicho hicho, kwa lugha ambayo walio ndani wanaisoma, kabla hayajapelekwa kwa meneja. Sisi tulibandika ya kwetu kando ya kalenda. Wiki iliyofuata fundi aling'oa misumari, na wahasibu wakakubaliana wenyewe kwamba dirisha lifunguliwe kuanzia saa nne, moshi wa asubuhi ukishapungua.