Kamba Aliyekataa Kukauka

Mimi ni mwandika vibao. Ukipita Bagamoyo ukaona ukuta umeandikwa CHIPSI KUKU, na kuku mwenyewe ana miguu mitatu, usiulize sana. Rangi yangu ni ile ya makopo, inayokauka kabla mteja hajabadili mawazo. Mchoraji marehemu Tingatinga alianza na rangi za namna hiyo mwaka 1968, na sikujua alikuwa na akili kiasi gani mpaka yaliponikuta haya.

Mgeni mmoja aliyekuja kujifunza ngoma TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, aliondoka akaniachia sanduku la rangi za mafuta, zile za kuminya kama dawa ya meno, na kichupa cha linsidi ya kulainishia, yaani mafuta ya mbegu za kitani. Nikaona nimeshakuwa msanii. Jamaa mmoja aliyekuwa anafungua hoteli karibu na soko la samaki aliposikia, akaagiza picha kubwa: ngalawa, wapiga mbizi, na kamba kochi mbele kabisa. "Awe mkubwa, awatie watu njaa."

Kamba nikamtoa kwenye simu. Nilimpata mnene, mwekundu, magando kama koleo za fundi gereji. Nilipomaliza nikaipeleka picha ufukweni, nahodha mmoja ninayemheshimu anipe baraka zake. Akaitazama, akawaita wenzake.

"Njooni muone! Kaa kamuoa kamba!"

Kumbe niliyemnakili ni wa Marekani, wa pwani ya Maine. Huko ndiko kamba ana magando, na huingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Wetu hana magando, ana sharubu ndefu zenye miiba, na mchana kutwa kajificha pangoni. Wapiga mbizi humchomeka pweza kwenye kijiti wakamsogeza mlangoni; kamba akimwona pweza, adui yake wa tangu na tangu, anatoka bila kuaga.

"Na huo wekundu," nahodha akaendelea, "ni wa sufuria. Huyu wako kaiva, halafu anatembea." Akanifunulia tenga nimwone wa kweli: kijani cha kuelekea buluu, miguu ina mapete ya njano. Sijawahi kuona kiumbe kilichopakwa rangi kwa ustadi vile, na nilikuwa nimembadilisha na nyanya. Hata tanga halikusalimika. Bendera ilikuwa inapepea huku, tanga limejaa kule. "Chombo chako kina pepo mbili, fundi. Abiria wako wameshazama."

Nikarudi nyumbani kufunika aibu. Magando yakazikwa chini ya bahari, wekundu ukazikwa chini ya kijani, rangi juu ya rangi, mpaka linsidi ikaisha. Ya kununua iko Dar, na nauli ya Dar ilikuwa ndani ya malipo ya picha hiyohiyo. Macho yakaangukia chupa ya mke wangu ya mafuta ya nazi. Mafuta ni mafuta, nikajisemea.

Na yalilainisha! Brashi iliteleza kama inakwenda harusini.

Ilikuwa Julai, kipupwe kimekolea. Natoka alfajiri kwenda kwenye vibao vyangu, narudi usiku nimechoka. Kila nikitoka naigusa picha kwa kidole: kavu, ngumu kama sahani. Mke wangu, anayeshinda nyumbani, alikuwa na habari nyingine.

"Baba watoto, picha yako mchana inatoka jasho."

"Sanaa inapumua, mama watoto."

"Basi inapumua nazi. Sisimizi wamejaa kwenye ngalawa."

Nikadhani ananitania. Fundi mmoja mkongwe alinieleza baadaye, huku akijizuia asicheke. Linsidi hukauka kwa kula hewa, ikajigeuza ngozi. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo, ungeyasubiri hadi uzeeni. Yanachojua ni kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kuyeyuka likipanda. Kwa hiyo alfajiri ya Julai ilikuwa inanidanganya kila siku, nami naishukuru.

Siku ya ufunguzi niliibeba kukiwa bado giza, ngumu vilevile. Kwa kuwa ilikuwa nzito na msumari ulikuwa mmoja, tukaisimamisha nyuma ya benchi, ikaegemea ukuta. Ikasomwa dua, pilau likapakuliwa. Saa sita mchana bati likaanza kuunguza. Nikatupa jicho, nikaona kamba anameremeta, na kwa sekunde chache nilijisifu. Halafu nikaona jicho lake moja limeteremka hadi kwenye mkia.

Nikapita pale kama mtu anayepanga viti, nikabandika kiganja kidogo tu, kuhakikisha. Kikatoka na mguu mzima. Nikautia mkono mfukoni.

Sasa mjomba wake mwenye hoteli, mzee wa heshima, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, alikuwa amekaa kwenye lile benchi. Alikula, akashiba, akamshukuru Mungu, akaegemea.

"Mjomba..." nikaanza.

"Keti kijana, ule," akasema, akaegemea vizuri zaidi. Nadhani hata alilala kidogo.

Aliposimama kwenda kunawa, hoteli nzima ikanyamaza. Mgongoni mwake, kuanzia mabegani hadi kiunoni, alipanda kamba kochi wa kijani, sharubu zimefika kwenye kola. Na nyuma yake, pale kanzu ilipofuta, yale magando mekundu ya Maine yalikuwa yamefufuka.

Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Babu ana kamba."

Nahodha, aliyekuwa mezani na wenzake, akainuka taratibu. "Simama hivyohivyo, mzee wangu, usigeuke." Akasogea hadi karibu kabisa, akatoa kijiti cha meno mdomoni, akaanza kuhesabu miguu, mmoja mmoja, bila haraka.

"...saba. Nane. Tisa." Akageuka kunitafuta. "Huyu sasa ndiye kamba, fundi, hongera. Lakini kamba ana miguu kumi. Wa kumi uko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa bado mfukoni.